Nguo Mpya Ina Baridi

Uzi mweupe uliniishia jua likizama, nikamshika mwanangu mkono twende dukani kabla hawajafunga. Ni mwendo wa hatua mia mbili tu. Laiti ningeuacha uzi ule ungoje asubuhi.

Nijieleze kwanza, ili anayesoma asinihukumu kwa lisilo langu, bali anihukumu kwa lililo langu. Mimi ni fundi wa nguo. Nilishona kiwandani miaka kumi na mmoja, mpaka kiwanda kilipofungwa na kila mtu akatoka getini na mkasi wake. Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake ndizo zilizotulisha. Ilibidi mmoja wetu abaki na mtoto, nami nikabaki. Nilipika, nilifua, niliogesha, nilisuka nywele vibaya. Jirani yangu msusi, ambaye kibanda chake kinapakana na dirisha langu, hakuniacha nipumue.

"Baba Kibonge," alizoea kuchungulia na kusema, "leo mboga umeichemsha au umeipiga pasi?"

Nilicheka naye. Lakini mwanamume asiyeingiza kitu nyumbani hujiona mgeni kwenye kiti chake mwenyewe, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Basi nikaweka cherehani sebuleni, nikaanza kupokea kazi: sare za shule, suruali za kupunguza, magauni ya watoto. Sikuionea haya kazi hiyo. Fundi wa kwanza wa nguo ni Mungu mwenyewe. Wale wawili waliojificha bustanini kwa aibu, Yeye ndiye aliyewatengenezea mavazi na kuwavika kwa mkono wake. Hakumtuma malaika.

Fundi aliyenifunza alikuwa na sheria moja tu, naye aliirudia kama amri ya kumi na moja: usikate nguo ya mtu usiyemwona. Lakini fundi wa nyumbani hana sanamu ya kuvalishia nguo, na wateja wake huja mbio mbio, watoto wamewaacha shuleni. Kwa hiyo wengi wetu tuna ujanja wetu. Mzazi akisema, "Wangu ni kama wako," tunampima wetu. Tunakata, tunashona, tunamjaribishia wetu. Mara tisa kati ya kumi nguo hukaa vizuri.

Binti yangu alikuwa na miaka minne, mashavu kama maandazi, tumbo mbele; ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kibonge. Alikuwa sanamu yangu. Alipenda kupimwa. Nilipozungusha futi ya kupimia kifuani nilimwambia, "Vuta pumzi, mama," naye alivuta mpaka macho yakatoka, kisha akacheka.

Dukani jioni ile kulikuwa na mwanamke amesimama pembeni, mahali ambapo mwanga wa taa ulikuwa haufiki. Sikumwona akija. Nilisikia kwanza harufu yake: harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi, ikasahauliwa chini ya sanduku.

"Wewe ndiye fundi unayeshonea nyumbani," alisema. Hakuuliza.

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

Hakunitazama. Alimtazama Kibonge, kuanzia unyayo hadi utosi, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja sana.

"Wangu ana miaka hiyo hiyo," alinong'ona. "Mwili huo huo. Nataka gauni. La njano. Mpime huyu tu."

"Si vibaya ukimleta mwenyewe, nikampima."

"Hatoki. Ni mgonjwa mgonjwa."

Akanikabidhi kitambaa na malipo yote papo hapo, kabla sijakata hata kipande. Ni mteja gani hufanya hivyo? Nilipaswa kujiuliza. Niliwaza tu jinsi nitakavyomwambia mke wangu, akirudi, kwamba leo sabuni nimenunua mimi.

Gauni la njano lilikwisha baada ya siku tatu. Alikuja kulichukua saa ile ile, jua likizama, akasimama kizingitini. Nilipomnyoshea alirudisha mikono nyuma.

"Mvalishe wako kwanza."

"Nimekwisha kumjaribishia, dada. Limekaa sawasawa."

"Mvalishe. Avae kidogo... mpaka lipate joto." Aliinamisha uso. "Nguo mpya ina baridi, fundi. Mwanangu anaona baridi sana."

Nilimhurumia. Namwambia Mungu ukweli huu kila siku: nilimhurumia. Nikamvalisha Kibonge, naye akazunguka sebuleni akijitazama, akipepea. Mwanamke alingoja bila kuketi. Kisha akasema, "Sasa," nikamvua mtoto, na yule mama akalipokea gauni haraka, akalikunja kifuani, akalikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kaa la moto ambaye hataki lizimike njiani.

Akaondoka. Sikusikia hatua.

Baada ya wiki mbili alirudi. Safari hii gauni la buluu. "Amekua kidogo," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Ongeza nusu inchi kila mahali." Nikaongeza. Kibonge akalivaa mpaka likapata joto, mama akalikumbatia, akaenda. Kisha la kijani. Ongeza nusu inchi. Kisha la zambarau. Ongeza nusu inchi. Kisha la maua.

"Huyo mteja wako anazaa watoto au anazaa magauni?" msusi aliniuliza siku moja akichana nywele za mtu. "Mwanawe simjui. Nami kila kichwa cha mtaa huu nakijua, hata chenye upara."

"Ni mgonjwa. Hatoki."

"Mgonjwa anayenenepa? Haya bwana." Aliacha kuchana. "Ila wako, Baba Kibonge... tutambadilisha jina."

Nilijua alichokuwa anasema. Nilikuwa nimekiona nikakigeuzia uso. Viatu vya Kibonge vilikuwa vinamvuka akitembea. Gauni lake la ibada lilianguka begani. Alikuwa haombi tena kubebwa ili afikie swichi ya taa. Alikaa tu sakafuni karibu na mguu wa cherehani, kimya, akinitazama nikishona. Na mikono yake... ilikuwa baridi, hata mchana.

Mke wangu alimpa dawa ya minyoo. Akampeleka kliniki, akapimwa damu, kinyesi, kifua. Safi. Jioni moja aliketi na kadi ya mtoto mapajani, kadi ile anayoandikiwa uzito na kimo tangu kuzaliwa, akaitazama muda mrefu.

"Baba Kibonge. Njoo."

Nikaja na sindano mdomoni.

"Mtoto akiugua hukonda," alisema taratibu, kwa sauti anayoitumia wodini. "Nimeona wengi. Hukonda mpaka ukahesabu mbavu. Lakini mifupa haipungui. Mtoto hafupiki." Akaninyoshea kadi. "Huyu amefupika."

Sindano ilinianguka.

Fundi ana daftari la vipimo. Nililifungua, nikamwita Kibonge, nikampima. Bega, siku ya gauni la njano, lilikuwa inchi kumi. Sasa lilikuwa saba na nusu. Nikapima tena. Saba na nusu. Nikafungua ukurasa wa gauni la mwisho lililokwisha kuchukuliwa, lile la maua: bega inchi kumi na mbili. Nikarudi nyuma, gauni kwa gauni. Kila nusu inchi niliyoiongeza kule ilikuwa imetoka mahali. Na ile nusu ya kwanza kabisa, ambayo hakuna aliyeniagiza kuiongeza, ilitoka siku ya gauni la njano.

Mke wangu alisoma juu ya bega langu. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akamfunga kifuani kwa shuka kama alivyomfunga alipokuwa wa miezi mitatu, na Kibonge akatosha.

"Ni nani huyo mwanamke?" alinong'ona.

Sikujua. Nilikuwa nimepokea kazi sita za mtu nisiyemjua, kwa mwili wa mtu nisiyemwona. Tulipiga magoti tulipokuwa, kati ya vipande vya nguo. Sikuomba kwa ufasaha. Nilisema kama yule mtoza ushuru aliyesimama mbali asithubutu kuinua macho: unirehemu.

Juu ya meza kulikuwa na gauni la sita, jeupe, limekatwa halijaunganishwa. Yule mama alipaswa kulifuata kesho yake.

Alikuja. Harufu ilitangulia. Nilisimama mlangoni na futi shingoni, nikamzuia.

"Dada, sipimi tena kwa mwanangu. Mlete mwenye nguo."

Alirudi nyuma hatua moja.

"Unataka kumwona?"

"Nataka kumpima. Ndiyo kazi yangu."

"Bado kidogo tu, fundi. Gauni hili moja." Alikuwa anasihi, si kutisha. "Hili moja, naye atasimama mwenyewe."

"Mlete."

Akageuka, akaenda. Kesho yake, kabla taa za mtaa hazijawaka, nilisikia mlango unakwaruzwa chini... mahali ambapo mtoto mdogo angeufikia.

Mke wangu alikuwa chumbani na Kibonge kifuani, mlango wazi. Nilifungua wa nje. Yule mama alikuwa amembeba mtu begani, uso umefichwa shingoni mwake. Akaingia, akamsimamisha juu ya zulia langu, palepale ambapo Kibonge husimama akipimwa, akamshikilia kwa nyuma.

Alikuwa amevaa magauni yangu, moja juu ya jingine. La maua juu. Kola za mengine zilichungulia shingoni, zambarau, kijani, buluu. Kichwa kilifunikwa shuka dogo jeupe. Sikulifunua. Msomaji atanisamehe, sikulifunua.

Nikapiga magoti. Nikazungusha futi kifuani.

Ilikuwa kama kupima mtungi. Kigumu. Baridi. Hakipandi wala hakishuki. Na kwa mazoea ya mikono yangu, kwa mazoea ya ulimi wangu, kabla sijajizuia, nilisema kile ninachowaambia watoto wote:

"Vuta pumzi, mama."

Futi haikusogea.

Kisha futi ikaanza kukaza.

Polepole. Inchi ikapita chini ya kidole changu. Kifua kile kilikuwa kinajaa.

"Baba Kibonge." Sauti ya mke wangu kutoka chumbani, ndogo, kavu. "Hapumui. Mtoto hapumui."

Niliachia futi. Nilivishika vifungo vya gauni la maua, vifungo nilivyovishona mwenyewe, na vidole vyangu havikuweza kufungua hata kimoja. Yule mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, mkono wa mtu hai, umechubuka kama wa kila mama afuaye nguo kwa mikono.

"Ameanza," alinong'ona. "Umesikia? Ameanza kupumua. Usimkatize."

"Kwa pumzi ya wangu, dada."

"Alikuwa na miaka minne tu. Nilitaka aifikie mitano. Mitano tu, fundi, halafu..." Hakujua halafu nini.

Nikamwambia maneno niliyopewa kusema, kwa kuwa yangu yalikuwa yamekwisha. Nikamkumbusha yule mfalme aliyefunga siku saba na kulala chini kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Na mtoto alipokufa aliinuka, akanawa uso, akakubali kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatamrudia. Nikamwambia kwamba Mungu hakumkemea kwa kulia. Nikamwambia na la ukali, maana lilikuwa la kweli: "Wako umemzika. Huyu uliyemshika si yeye. Ni nguo zangu na uhai wa binti yangu. Ukiuchukua, kutakuwa na makaburi mawili na mtoto hata mmoja hutampata."

Chumbani, mke wangu alikuwa amemlaza mtoto kitandani anambonyeza kifua, akihesabu. Nilimsikia. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Yule mama naye alisikia. Naamini ni sauti ile iliyomvunja, si mahubiri yangu. Labda aliwahi kuisikia sauti kama ile mahali pengine, muuguzi mwingine akihesabu.

"Toa mkono," aliniambia. "Nitamvua mwenyewe. Mama ndiye humvua mwanawe."

Akafungua vifungo kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama anayemvua mtoto aliyelala asije akamwamsha. Gauni la maua likatoka, na kile kilichosimama kikawa kifupi. La zambarau likatoka. Kikafika kiunoni mwa yule mama. La kijani... Alikuwa anaimba kwa chini, wimbo usio na maneno. La buluu lilipotoka, mikononi mwake palibaki shuka jeupe limelegea, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Chumbani Kibonge alikohoa. Akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kuliko kilio kile.

Nilikuwa nimeshika magauni kifuani, yana joto. Nikayahesabu. Manne.

"La njano liko wapi?"

Alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe.

"Lile nilimpa aliyenielekeza," alisema. "Ndiyo bei aliyotaka. Aliniambia nitafute fundi anayeshona nyumbani, mwenye mtoto wake kando. Yeye pia alifundishwa na mwingine."

"Ni nani? Anakaa wapi?"

"Ni mama tu," akasema. "Ana binti mzuri sana."

Usiku huo niliyafumua yote kwa wembe, mshono kwa mshono, nikayachoma, na lile jeupe pamoja nayo. Ndani ya miezi michache Kibonge alirudisha karibu vipimo vyote. Msusi alimrudishia jina lake. Yule mama naye, nilikuja kujua, anakaa nyuma ya karakana ya mbao. Alimzika mwanawe mwanzo wa mwaka ule, kwa homa ya siku mbili. Siku hizi huja kanisani. Hukaa benchi la mwisho, na baada ya ibada mke wangu humwendea, hukaa naye. Wapo waliotuuliza tunawezaje. Sijui tunawezaje. Najua tu kwamba na sisi tumesamehewa deni lisilolipika. Lakini aliyemwelekeza hakumtaja kamwe. Husema uso wake haumjii akilini.

Nimesema karibu vyote. Ni miaka miwili sasa. Kibonge ana miaka sita na anavaa nguo za mtoto wa mitano. Kila anapokua, kitu kidogo hukatwa kwenye kimo chake. Na mara nyingine amekaa kimya akichora, ghafla huanza kuhema, jasho linamtoka, kama mtu anayekimbia.

"Unakimbia wapi, mama?" humwuliza.

"Sikimbii, baba," hunijibu. "Nakimbizwa."

Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa napeleka sare kwenye shule moja ya mtaa wa pili, nimemshika Kibonge mkono. Watoto wachache walikuwa bado wanacheza uwanjani wakingoja wazazi. Kibonge akaanza kuhema. Nikainama kumtazama, na nilipoinua macho nilimwona msichana anayekimbia, mwenye afya, anacheka kinywa wazi, na chini ya sweta lake ncha ya gauni la njano. Limepauka. Limeongezwa kitambaa kingine chini na mkono mwingine. Lakini mshono wa bega ni wangu. Mkono wangu naujua.

Aliposimama kupumzika, Kibonge alipumzika.

Mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye ngazi aliiona futi shingoni mwangu. Akamtazama mwanangu. Akainuka, akaja, akasimama karibu sana, wala hakunuka ubichi. Alinuka sabuni na vitunguu, kama mama yeyote aliyetoka jikoni.

"Tafadhali, fundi," alinong'ona. "Anaanza darasa la kwanza."

Yule msichana alikimbia akaja kujificha nyuma ya sketi ya mama yake, akamchungulia Kibonge. Akamtabasamia. Ana pengo la meno ya mbele. Kile cha zuliani kwangu hakikuwa na uso, huyu anao. Hajui alichovishwa. Hakuna dhambi aliyoitenda.

Wembe ulikuwa mfukoni mwangu, nikalikumbuka shuka lile jeupe lililobaki tupu. Sikuutoa. Nilimbeba mwanangu, nikaondoka haraka, naye begani kwangu alikuwa anahema, anahema, ingawa sikuwa nimemwacha atembee hata hatua moja.

Mke wangu amekwisha kuniuliza mara mbili kwa nini silali. Kesho nitamwambia, na najua atasema nini; yeye ni mama. Nimejaribu kuomba. Nikimwombea binti yangu arudishiwe kilicho chake, naliona lile pengo la meno likitabasamu. Nikimwombea yule mwingine, namsikia wangu akihema chumbani.

Anahema sasa hivi, ninapoandika. Jua linazama. Kule mtaa wa pili watoto bado wanacheza.